Kabla ya Kufungua Chupa Nyingine ya Dripu

Mgonjwa anapofikishwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ya hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Uganda, iwe Mbale, Arua au Mbarara, kwa kawaida maji ameshapewa. Alianza kuwekewa dripu kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne, akaongezewa hospitali ya wilaya, na kama amepitia chumba cha upasuaji, huko nako alifunguliwa chupa mbili au tatu. Barua ya rufaa inasema tu kwamba amepewa maji kwa mshipa, bila kutaja kiasi. Anayejua hesabu mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa, kwa sababu ndiye aliyetumwa duka la dawa kununua. Muulize: "Mama, mlinunua chupa ngapi, na ngapi ziliisha?" Chupa nyingi ni za mililita 500, kwa hiyo sita ni lita 3. Andika hesabu hiyo juu kabisa ya karatasi ya uangalizi, maana kila uamuzi utakaofuata utaiegemea.

Haya ni kwa wauguzi wa ICU, maafisa wa nusu kaputi na madaktari wa zamu wanaofanya kazi na mashine moja ya ultrasaundi, pengine ya kuazima wodi ya wazazi. Faida kubwa ya kupima kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika, tutakachokiita pato la moyo, ni kwamba inakupa sababu ya kuacha kuongeza maji. Sababu za kuongeza hazijawahi kuadimika: presha iko chini, mkojo haba, mapigo yanakimbia, jamaa wamesimama mlangoni. Za kuacha ndizo zinazohitaji ushahidi.

Na ushahidi mzito zaidi kuhusu madhara ya maji ulitoka hapa nyumbani. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Ulifanyika Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa upande wa Uganda, pamoja na Kilifi nchini Kenya na Teule nchini Tanzania. Katika kundi kuu la watoto 3,141, waliopewa maji kwa haraka, ya salaini (maji ya chumvi) au ya albumini (protini ya damu), walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.5 na 10.6, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka, kuliko mapafu kujaa maji. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa Lusaka, kwa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili, na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliofuata mpango wa maji mengi ya mapema walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0.

Tafiti za Ulaya na Marekani za mwaka 2022 na 2023, zilizolinganisha maji machache na mengi kwenye shoki ya sepsisi (presha kuporomoka kwa sababu ya maambukizi), hazikuona tofauti ya vifo. Kwa hiyo hatusemi kwamba kubana maji peke yake ni dawa. Tunasema mgonjwa wa hapa hana akiba ya kuvumilia kosa. Penye ventileta (mashine ya kupumulia) ya ziada, lita moja iliyozidi ni usumbufu wa siku mbili. Penye silinda moja ya oksijeni inayogawanywa vitanda viwili, lita hiyohiyo inaua.

Kabla ya kupima chochote kuna maswali matatu, na mpangilio wake una maana. Je, viungo vinakosa damu? Je, moyo utaongeza msukumo ukipewa maji? Je, mapafu yatayabeba? Watu wengi hurukia la pili kwa sababu ndilo lenye mashine. Lakini mtu mzima mwenye afya akiinuliwa miguu, pato la moyo wake huongezeka, na hahitaji hata tone. Moyo kuitikia maji ni hali ya kawaida ya mwili na haigeuki kuwa maagizo ya matibabu. Kama vidole vina joto, akili imetulia na mkojo unatoka, funga mashine.

Swali la kwanza hujibiwa kwa kidole. Bonyeza sehemu laini ya ncha ya kidole cha shahada, ukipata kipande cha kioo cha maabara ni bora zaidi maana unaona ngozi ikipauka, shikilia sekunde 10, achia, kisha hesabu kwa saa mpaka rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Kwenye ngozi nyeusi tumia upande wa ndani wa kidole, usitumie mgongo wa mkono, na uwashe taa. Tochi ya simu inatosha. Kama chumba kina kiyoyozi na mkono ni baridi, ufunike kwa blanketi dakika kumi kwanza. Kipimo hiki kinachoonekana cha kimaskini kilishindanishwa na laktati, kipimo cha damu kinachopanda viungo vikikosa oksijeni, katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa mwaka 2019, uliofanyika nchi tano za Amerika Kusini, kikirudiwa kila dakika 30. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 34.9 kwa kundi la kidole na 43.4 kwa kundi la laktati; kitakwimu tofauti haikuthibitika, ila hakuna aliyeweza kudai tena kwamba kidole ni duni. Laktati ina hila zake pia: mgonjwa anayepewa adrenalini hupandisha laktati kwa sababu ya dawa yenyewe, na ukiifukuza kwa maji utamzamisha.

Sasa mashine. Katheta ya ateri ya mapafu, iliyotangazwa na Swan na Ganz mwaka 1970, hatutaizungumzia. Hatuna, na tafiti kubwa hazikuonyesha kwamba inaokoa maisha. Vifaa vinavyosoma wimbi la ateri vinataka vihisi vya kutumia mara moja ambavyo bei yake inazidi uwezo wa idara nyingi. Kinachobaki ni ultrasaundi yenye probu ya moyo, yaani kile kichwa kinachowekwa juu ya ngozi. Kabla ya kununua au kukubali ya msaada, hakikisha ina Dopla ya mapigo, ile inayochora wimbi la kasi mahali unapopachagua. Mashine ndogo nyingi za mfukoni zina Dopla ya rangi tu. Rangi zinapendeza lakini hazipimi tunachokitaka.

Tunachokitaka kinaitwa VTI: ni umbali, kwa sentimita, ambao safu ya damu inasogea kwenye njia ya kutokea ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, katika pigo moja. Kawaida ni kama sentimita 18 hadi 22. Ukizidisha VTI kwa eneo la njia hiyo unapata mililita za pigo moja. Ukizidisha tena kwa mapigo ya dakika, unapata pato la moyo. Kipenyo cha sentimita 2.0 kina eneo la sentimita za mraba 3.14. VTI ikiwa 11, pigo moja ni kama mililita 35, na kwa mapigo 130 pato la moyo ni lita 4.5 kwa dakika.

Hapo kwenye kipenyo ndipo wengi hupotea. Kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe kwenye hesabu ya eneo, kwa hiyo kosa dogo linavimba. Ukipima 1.8 badala ya 2.0, eneo linashuka kutoka 3.14 hadi 2.54, karibu asilimia 19, na mgonjwa hajabadilika hata kidogo. Ushauri wetu ni kwamba ukishapima kipenyo mara moja, kiandike na usikipime tena kwa mgonjwa huyo. Ukitaka, kiache kabisa ufuatilie VTI peke yake, kwa sababu kipenyo cha mtu mzima hakibadiliki baina ya saa nne na saa tano usiku. Tunatafuta badiliko. Namba yenyewe, kama ni lita 4.5 au 5.1, haina uzito mkubwa.

Namna ya kuipata: mlaze mgonjwa kidogo upande wa kushoto kama hali inaruhusu, weka probu pale ncha ya moyo inapogonga, upate vyumba vinne. Kisha laza mkia wa probu taratibu kuelekea kitandani ili miali iinuke mbele, mpaka vali ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, ijitokeze katikati. Weka mstari wa Dopla ulale sambamba na mkondo wa damu. Pembe ikizidi digrii 20 kasi inasomeka chini ya ukweli. Sanduku la kupimia liwe kama nusu sentimita kabla ya vali, upande wa ventrikali. Alama ya kwamba uko mahali sahihi ni wimbi lenye ukingo safi, tumbo tupu ndani, na mstari mfupi mkali wa vali kufunga mwishoni. Wimbi likijaa ndani na kasi ikaruka juu ghafla, umeingia kwenye vali; rudi nyuma kidogo. Chora ukingo wa nje wa wimbi, piga wastani wa mapigo matatu. Moyo ukiwa na mdundo usio na mpangilio chukua mapigo hadi 10, vinginevyo unalinganisha bahati na bahati.

Kisha chukua kalamu ya alama uchore mzunguko wa probu juu ya ngozi. Hili halionekani kama jambo la kitaalamu, lakini ndilo linalotenganisha vipimo vinavyoaminika na visivyoaminika. Probu ikisogea nafasi moja ya mbavu kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, VTI itapanda au kushuka asilimia 10 bila mgonjwa kufanya lolote, na asilimia 10 ndiyo kiwango chetu cha kuamua kama moyo umeitikia. Kwa sababu hiyohiyo, aliyepima mwanzo ndiye apime mwisho. Zamu ikibadilika katikati, anza upya.

Jaribio lenyewe la kwanza ni kuinua miguu, kwa sababu halitumii maji. Damu ya miguuni na tumboni, yapata mililita 300, inarudi kwenye moyo, na ukishusha miguu inarudi ilikotoka. Mgonjwa aanze akiwa ameinuliwa mgongo digrii 45. Pima VTI. Kisha mgongo ushuke mpaka kulala sawa na miguu ipande digrii 45, kwa pamoja. Pima tena ndani ya dakika moja, dakika moja na nusu ikizidi, maana athari hupita haraka. Rudisha mgonjwa alivyokuwa, upime mara ya tatu. VTI ikirudi kwenye namba ya mwanzo unajua badiliko lilikuwa la kweli.

Vitanda vyetu vingi ni vya mkono wa kuzungusha, na hapo jaribio huharibika. Muuguzi anazungusha kwa taabu, kitanda kinatikisika, mgonjwa anakohoa kwenye bomba la hewa, mapigo yanaruka, na kilichopimwa ni maumivu. Wanahitajika watu watatu: mmoja wa probu asiyeondoa macho kwenye skrini, mmoja wa mgongo, mmoja wa miguu. Kama sehemu ya miguu haipandi, andaa mito miwili au boksi lililofunikwa shuka kabla ya kuanza. Vuta makohozi kwanza, mwambie mgonjwa utakachofanya hata kama unadhani hasikii, na usiguse pampu ya noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ili presha ipande, katikati ya jaribio. Mapigo yakipanda ghafla miguu ikiinuliwa, tilia shaka matokeo yote.

Usiamue kwa presha. Hili tunalirudia kwa kila anayekuja kujifunza, na bado kila wiki kuna anayeangalia presha ikipanda kutoka 85 hadi 92 na kutangaza kwamba mgonjwa ameitikia. Presha inategemea pia ugumu wa mishipa; pato la moyo linaweza kupanda asilimia 20 presha ikiwa palepale. Kama huna ultrasaundi lakini mgonjwa yuko kwenye ventileta yenye kipimo cha kaboni dayoksaidi ya pumzi, tumia hicho: usibadilishe chochote kwenye ventileta, inua miguu, na ikipanda angalau asilimia 5, mathalani kutoka 35 hadi 37, damu inayofika mapafuni imeongezeka.

Wapo ambao miguu yao haituambii kitu: aliyekatwa mguu, mwenye nyonga iliyovunjika, mwenye tumbo lililokaza baada ya upasuaji wa usaha, na mama mwenye mimba kubwa, ambaye mfuko wa uzazi unakandamiza vena kuu. Aliyeumia kichwa usimshushe kichwa kabisa.

Kwa hao kuna jaribio la maji kidogo: mililita 100 ndani ya dakika moja, VTI kabla na baada. Hapo linaonekana la kitabuni mpaka ufike kwenye chupa. Chupa yetu ni ya plastiki ngumu. Isipotobolewa kwa sindano ya kuingiza hewa, maji hayashuki, na mkoba wa shinikizo hauisaidii. Kanula ya bluu, namba 22, kwa kasi yake ya juu kabisa hupitisha kama mililita 36 kwa dakika, kwa hiyo mililita 100 haziwezi kuingia kwa dakika moja hata ukiomba dua. Weka ya kijani, namba 18, kwenye mkono wa mbele, funga koki ya njia tatu, na tumia bomba la sindano la mililita 50. Mabomba mawili ni jaribio dogo. Mabomba matano, yakisukumwa polepole kwa dakika 10, ni jaribio kamili la mililita 250. Toa hewa kila unapojaza. Njia hii inakupa pia hesabu ambayo hakuna anayeweza kubishana nayo, wakati "nimefungua dripu kidogo" haina maana yoyote asubuhi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mgonjwa wa kilo 60 mwenye sepsisi ya tumbo, aliyekwishapata lita 2. Rangi ya kidole inarudi kwa sekunde 5. VTI ni 11. Miguu ikiinuliwa inakuwa 13.5, ongezeko la karibu asilimia 23. Mapafu kwa ultrasaundi hayana mistari ya B, alama ya maji mapafuni, inayojaa. Anapata mililita 250. VTI sasa ni 13, kidole sekunde 4. Miguu tena: 13.6, yaani asilimia 5 tu. Presha ya wastani bado ni 58. Hapa ndipo mkono unapowasha kufungua chupa, kwa kuwa mgonjwa bado ni mgonjwa. Lakini moyo umeshasema hautaongeza kitu. Kilichobaki ni noradrenalini, na kutafuta usaha ulipo.

Noradrenalini isisubiri mshipa mkubwa wa shingoni. Inaweza kuanza kwenye mkono wa mbele, kwenye vena nene iliyo mbali na viungo, ikikaguliwa kila saa isivimbe wala kupauka. Miligramu 4 ndani ya mililita 250 za dekstrosi ya asilimia 5 zinatoa mikrogramu 16 kwa kila mililita. Kwa kilo 60, kuanzia mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, ni mililita 22.5 kwa saa. Bila pampu, tumia seti ya watoto yenye matone 60 kwa mililita: idadi ya matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa, kwa hiyo hesabu matone 22 au 23. Soma lebo ya ampuli kabla ya kuchanganya. Nyingine zimeandikwa uzito wa chumvi ya tartrati, ambapo miligramu 2 ni sawa na miligramu 1 ya noradrenalini yenyewe, na ukichanganya mizigo miwili ya wasambazaji tofauti, dozi inabadilika maradufu bila mtu kugusa pampu.

Namba zinazotokana na pumzi za ventileta, kama badiliko la presha ya pigo (jinsi presha ya kila pigo inavyopanda na kushuka kwa pumzi ya mashine), tunazitaja kwa ufupi. Zaidi ya asilimia 13 ina maana tu kama mgonjwa hapumui mwenyewe hata kidogo, mdundo wa moyo uko sawa, na pumzi ni angalau mililita 8 kwa kilo. Sisi tunapumulisha kwa 6, wagonjwa wengi wanajipumulia kwa sababu dawa za usingizi ni za kubana, kwa hiyo masharti hayatimii. Presha ya vena kuu haitabiri kama moyo utaitikia. Vena kuu ya tumboni inayopimwa kwa ultrasaundi inasaidia pembeni kabisa: ikiwa imekonda na inabana yote, au imejaa na haisogei. Katikati hapo ni kubahatisha.

Yako magonjwa ya hapa yanayofanya kipimo kidanganye, na ni vizuri kuuangalia moyo wote kabla ya kuchora wimbi. Homa ya baridi yabisi imeacha vijana wengi na vali ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto, iliyobana. Ukimwinua miguu huyo, damu inarundikana mapafuni na anaweza kuzama mbele yako. Vali ya aota inayovuja huongeza VTI kwa uongo, maana sehemu ya damu uliyoihesabu inarudi ndani. Kifua kikuu kinachojaza maji kwenye mfuko wa moyo hutoa VTI ndogo inayobadilika kwa kila pumzi. Maji yanaweza kumshikilia mgonjwa huyo kwa muda mfupi, lakini anachohitaji ni mfuko kutobolewa. Ventrikali ya kulia ikiwa kubwa kuliko ya kushoto, usimwongezee. Wimbi likiwa na umbo la jambia, kilele chake kimechelewa na kasi kubwa, njia ya kutokea inajibana yenyewe. Hapo adrenalini ndiyo adui, na maji kidogo yanafaa. Mwenye damu haba sana anaweza kuwa na VTI ya juu na bado viungo vyake vinakosa oksijeni. Huyo ni wa kuongezewa damu. Mama mwenye kifafa cha mimba asizidishe mililita 80 kwa saa kwa jumla, kwa sababu mapafu yake yanavuja mapema. Mtu mzima mwenye malaria kali naye hupata maji mapafuni kwa urahisi, wakati mwingine vimelea vikiwa vimeshapungua.

Na wapo ambao usiwapime kabisa kwanza. Mgonjwa wa kipindupindu wa kilo 60 aliyekauka sana anahitaji lita 6 ndani ya saa 3, lita 1.8 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Anayevuja damu anahitaji damu na daktari wa upasuaji. Kumtafutia VTI mtu wa namna hii ni kuchelewesha. FEAST yenyewe haikuwahusisha watoto wa kuhara, wa kuungua wala wa ajali, na tumeona jina la utafiti huo likitumiwa kuwanyima maji watoto ambao haukuwahusu.

Jamaa nao wana haki ya maelezo. Dripu ikitolewa, wengi wanasoma kwamba hospitali imekata tamaa. "Musawo (daktari), mmemwondolea maji kwa nini, au ni pesa?" Kujibu kwamba moyo wake hauitikii maji hakusaidii. Kinachoeleweka ni kuwaonyesha: miguu iliyovimba ikibonyezwa inabaki na shimo, na maji kama hayo yako pia kwenye mapafu, ndiyo maana anahema. Waambie dawa inayoendelea ni ipi, na waonyeshe chupa ndogo ya noradrenalini inayodondoka. Tukisema hivyo mapema, hakuna anayemwomba muuguzi wa usiku arudishe dripu kwa siri.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni maji ambayo hakuna anayeyaita maji. Fanya hesabu kwa mgonjwa huyohuyo wa tumbo. Metronidazoli mililita 100 mara tatu ni 300. Parasetamoli ya mshipa mililita 100 mara nne ni 400. Seftriaksoni ikichanganywa kwenye 100 mara mbili ni 200. Noradrenalini kwa mililita 22.5 kwa saa ni 540 kwa siku. Jumla ni mililita 1,440 kabla ya dripu yoyote ya kawaida, na kwenye chati bado pameandikwa "ringa lakteti lita 3 kwa saa 24", agizo lililoandikwa na wodi siku mbili zilizopita ambalo hakuna aliyelifuta. Parasetamoli inaweza kupita kwenye mrija wa tumbo kama tumbo linafanya kazi. Seftriaksoni inaweza kusukumwa polepole kwa bomba la sindano ikiwa imechanganywa na mililita 10. Mgonjwa akishapata mshipa mkubwa na pampu ya bomba la sindano, miligramu 4 zilezile za noradrenalini ndani ya mililita 50 zinakwenda kwa mililita 4.5 kwa saa, yaani 108 kwa siku badala ya 540.

Karatasi yetu ya uangalizi sasa ina safu tano tu kwa upande huu: saa, sekunde za kidole, VTI kabla, VTI baada, na kilichoamuliwa. Safu ya mwisho lazima ijazwe hata kama uamuzi ni "hakuna maji". Noradrenalini ikishapungua na kidole kikiwa chini ya sekunde 3 kwa siku nzima, safu hiyo inageuka kuwa ya kutoa: furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, miligramu 20 hadi 40, mkojo unapimwa kila saa, potasiamu inaangaliwa kila siku kama maabara ina vitendanishi. VTI ikishuka zaidi ya asilimia 10 na mapigo yakapanda, umetoa haraka mno. Simamisha dozi inayofuata. Mgonjwa anapohamishiwa wodi, piga mstari mwekundu juu ya kila agizo la maji lililobaki kwenye chati, tia sahihi, na mtajie muuguzi anayempokea kwa mdomo jumla ya maji aliyoingiza na aliyotoa tangu alipofika.